Vijana wa mazingira Kisumu, Nakuru na Bunyala: mkichoka mnaenda kukaa na nani?

#1 NyarDunga

Habari zenu wana jukwaa. Humu ndani tuna nyuzi za miche, za plastiki, za gugumaji, za bei ya omena. Uzi wa watu wenyewe wanaoshinda kwenye kazi hizo sijauona, kwa hivyo naufungua mimi. Ni mrefu kidogo, tafuteni kiti.

Niko Kisumu, upande wa Dunga. Kundi letu ni la vijana, wengi hawajafika thelathini. Tunazoa taka ufuoni, tunapanda miti, tunakalia viti vya plastiki kwenye mikutano ya kamati ya wadi ya mabadiliko ya tabianchi, na maji yakipanda tunahamisha watu. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipovuka alama ya 1964, ambayo wazee wetu waliihesabu kuwa ndiyo mwisho wa maji, baadhi yetu tulikuwa bado na sare za shule. Mwaka 2024 likapanda tena. Aliyekuwa amejenga upya akabomokewa upya.

Lakini leo sileti habari za maji. Naleta habari za watu wetu bora wanaopotea. Hawajapata kazi, hawajahama. Wanaacha tu kupokea simu. Kuna mmoja alikuwa hodari wa kuhoji wenye nyumba na kuandika taarifa. Siku hizi akiona wingu limefunga upande wa Nandi hatulii, maana anajua mvua ya huko ndiyo mafuriko ya mto Nyando kesho huku bondeni Kano. Mwingine akilala anaota maji. Mwingine ukimtajia neno "mradi" anainuka anaenda zake.

Warsha tulifanyiwa. Hoteli safi, chai na mandazi, mwezeshaji na chati zake: kunywa maji ya kutosha, fanya mazoezi, pata usingizi wa saa nane. Kijana wa Nyalenda akauliza, "Huo usingizi niupatie juu ya meza?" Chumbani kwake maji yalikuwa bado hayajakauka. Mwezeshaji akasema swali zuri, tutalirudia. Hatukulirudia.

Sasa tumeanza kukaa wenyewe kwa wenyewe. Jumamosi jioni, watu wakishatoka kwenye vibarua vyao. Hakuna ajenda, hakuna kumbukumbu za kikao, hakuna picha, hakuna posho. Anayetaka kusema anasema, wengine wanasikiliza. Ushauri hautolewi mpaka mwenyewe auombe, na hii ndiyo sheria ngumu kuliko zote kwa sababu sisi watu wa huku kila mmoja ni wakili. Mipango ya kazi pia hairuhusiwi; ukianza kusema "tungeandika barua kwa kaunti" unanyamazishwa, barua ina siku yake.

Nataka kusikia kutoka kwenu. Kuna wanaofanya hivi kwingine? Kikao kama hiki huwa kinaharibika wapi? Na mnajuaje kwamba hili limetushinda, huyu apelekwe kwa mtaalamu?

#2 BodaKondele

Hakuna posho na watu wanakuja? Kisumu hii hii? Basi mna shida ya kweli 😂

#3 Mwalimu_Mstaafu_Ahero

NyarDunga, nimekusoma. Nilikuwa mtoto mdogo mvua za 1961, zile zilizoleta maji yaliyokaa miaka. Kano imejaa maji tangu kabla babu zenu hawajaoa. Tulihamisha ng'ombe tukawapeleka kwa wajomba mlimani, tukalala kwenye madarasa, maji yakashuka tukarudi kulima. Hakuna aliyeitwa mgonjwa wa mafuriko. Naona vijana wa leo mnapenda kuyapa majina makubwa mambo ya kuvumilia. Wangari Maathai, yule mama wa miti, alipigwa kwenye msitu wa Karura mwaka 1999 mpaka kichwa kikatoka damu, akaenda polisi kuandikisha taarifa, akarudi kazini. Kazi ndiyo dawa.

#4 MwanaMwariki

Mimi ni wa Nakuru. Mzee wa hapo juu, kwa heshima, maji yenu yalishuka. Ya kwetu hayajashuka.

Wasiojua: ziwa Nakuru mwaka 2010 lilikuwa kama kilomita za mraba 40. Miaka kumi baadaye lilikuwa limepita 60. Lango kuu la zamani la mbuga likazama, barabara za ndani zikazama, heroe wakahama kwa sababu maji yakipungua chumvi chakula chao kinapotea. Upande wetu ziwa lilitoka mbugani likaingia kwenye mashamba na ploti. Halikuja kwa kishindo. Lilikuja hatua kwa hatua, leo choo, mwezi ujao jikoni. Hakuna aliyekufa, kwa hivyo hakukuwa na matanga. Na bila matanga watu wa kuja kukaa na wewe watatoka wapi? Baba yangu ana hati ya shamba ambalo sasa viboko ndio wanaoishi humo. Anaitunza vizuri sana, kwenye bahasha.

Kisha mimi ndiye "kijana wa mazingira" wa mtaa. Jirani akinikuta dukani ananiuliza, wewe na semina zako, umerudisha maji? Huwa nacheka. Nikifika nyumbani sicheki.

Jingine. Usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024 maji yalivunja tuta la reli ya zamani juu ya Mai Mahiu yakafagia Kamuchiri na vijiji jirani. Waliokufa walipita hamsini. Nilikuwa miongoni mwa vijana waliokwenda kusaidia kutafuta watu kwenye tope. Siwaelezi nilichokiona, si hapa. Nawaeleza kilichofuata: nilirudi, na ujumbe wa kwanza kutoka kwa mratibu wa kundi tulilojitolea nalo ulikuwa, "Picha ziko wapi? Leo ni siku ya kutuma ripoti." Hakuuliza kama nimekula.

NyarDunga, hicho kikao chenu kingekuwa Nakuru ningekuja kwa miguu.

#5 NyarDunga

@MwanaMwariki pole sana ndugu yangu. Hilo la matanga sikuwahi kulifikiria, na ni kweli kabisa. Nakuandikia faragha.

@Mwalimu, heshima yako. Nina swali moja tu. Mlipokuwa mmelala kwenye madarasa, jioni mlikaa na nani, na mlizungumza nini?

#6 Chepkemoi_K

Mwalimu, kuhusu Wangari: nakubali alikuwa mgumu, lakini hakuwa peke yake. Mwaka 1992 alikaa Uhuru Park, Nairobi, na akina mama waliokuwa wakidai wana wao waliofungwa kwa siasa. Polisi wakawapiga, wale mama wakavua nguo. Walipofukuzwa pale waliingia kanisa la All Saints wakakaa chini ya kanisa takriban mwaka mzima, wanalala pamoja, wanapika pamoja, wanalia pamoja, mpaka wengi wa wale wafungwa wakaachiliwa. Tunapenda kusimulia kile kipigo. Lile godoro la pamoja hatulisimulii.

#7 Muuguzi_wa_Akili

Nafanya kazi kwenye kitengo cha afya ya akili, hospitali siitaji. Nimeombwa na mtu niusome uzi huu, nami nina mengi, mnivumilie.

Kwanza, huo mpangilio wa NyarDunga si wa kubahatisha. Kule Scotland kuna watu walianza vikao vya chai vya kuzungumzia tabianchi, na vilivyoenea kutoka hapo vingi vina sheria kama yenu: hakuna mhadhara, hakuna kupanga kazi. Ukiruhusu mipango, wenye nguvu watapanga na waliochoka watakaa kimya, na ni wale waliochoka ambao kikao ni chao.

Pili, msimlazimishe mtu kusimulia. Kuna imani kwamba mtu akitoka kwenye tope la Mai Mahiu akalishwe kiti asimulie yote siku hiyo hiyo "ili litoke". Shirika la Afya Duniani halipendekezi hivyo; kumkamua mtu habari akiwa bado na mshtuko hakumkingi na huenda kukamwongezea. Huduma ya kwanza ya kisaikolojia ina mambo matatu tu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia kama yuko salama, amekula, ana pa kulala. Sikiliza anachotaka kusema, hata kama ni habari ya mbuzi. Muunganishe na watu wake na huduma anazohitaji. Yule mratibu wa @MwanaMwariki angeanza na chakula.

Tatu, huenda mnajiuliza kama mtu asiye daktari anaweza kusaidia. Anaweza. Zimbabwe, daktari wa akili anayeitwa Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza bibi wa mtaa wakae na watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kupanga shida zao moja moja. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliokaa kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hapa Kenya pia, wahudumu wasio wataalamu wamefunzwa mbinu ya vikao vitano ya Shirika la Afya Duniani, ikajaribiwa Nairobi na wanawake waliopitia ukatili, ikafanya kazi. Lakini angalieni kitu ambacho watu hukiruka: wale bibi hawakuachwa. Nyuma yao kulikuwa na mtu wa kuwafunza, na wa kuwasikiliza wao pia. Kikao cha vijana kikikosa mtu wa nyuma, yule msikilizaji mzuri wa kundi ndiye atakayeanguka wa kwanza. Nimewaona wakiletwa.

Sasa lini limewashinda. Usingizi ukikata zaidi ya wiki mbili. Asipokula. Akianza kunywa peke yake. Akisikia sauti. Akianza kugawa vitu vyake au kusema watu wangepumua kama hayupo. Hilo la mwisho muulizeni waziwazi: unafikiria kujiua? Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, kunampa mlango. Zamani walikuwa wanaogopa kujibu kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho, cha 226, kinakwenda kinyume na Katiba. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, mpelekeni hospitali mkiwa wawili. Msalaba Mwekundu wana nambari ya simu 1199, ni bure. Kwa walio chini ya miaka 18 kuna 116.

#8 Omwana_wa_Nzoia

Mayi! Nimesoma mpaka bando linaisha.

Mimi ni wa Bunyala, Busia. Nina neno kuhusu hili jambo la "hofu ya tabianchi" linalozungumzwa sana mitandaoni. Kuna utafiti mkubwa wa mwaka 2021, vijana 10,000 wa nchi kumi, miaka 16 hadi 25. Asilimia 59 walisema wana wasiwasi sana au kupita kiasi, na zaidi ya 45 kwa mia wakasema unaharibu maisha yao ya kila siku. Sawa. Kati ya nchi hizo kumi, ya Afrika ilikuwa Nigeria peke yake. Maswali yake kadhaa yalihusu siku za usoni. Mimi siogopi 2050. Mimi naogopa Aprili. Mvua za masika zikianza mto Nzoia unajaa, kingo zikipasuka tunahamia shule, walimu wanakuja kutuomba tuwaachie darasa moja. Mtu akiniambia nina hofu ya mambo yajayo, namuuliza yajayo gani, kwangu haya yanakuja na kurudi.

Na jambo linaloniuma kuliko maji ni kusimulia. Septemba 2023 kulipokuwa na ule mkutano mkubwa wa tabianchi wa Afrika pale Nairobi, rafiki yangu alipelekwa kwenye kikao kimoja cha pembeni akapewa dakika tatu "atupe simulizi yake". Alisema kuhusu nyanya yake. Watu wakapiga makofi, kengele ikalia, akaja wa pili. Tangu hapo ameitwa tena na tena, simulizi ni ile ile. Aliniambia siku hizi akiisema haisikii tena, na hilo ndilo linalomtisha.

Swali langu: nauli ya kutoka huku hadi Kisumu sina. Tunaweza kufanya kwa simu?

#9 Afisa_Miradi

Habari NyarDunga. Ninafanya kazi na shirika moja la vijana na mazingira. Hii ni kazi nzuri sana na tungependa kuiunga mkono. Tunaweza kuwalipia ukumbi, vitafunio na fulana. Tutahitaji tu orodha ya waliohudhuria yenye sahihi na nambari za vitambulisho, dodoso fupi kabla na baada ya kikao, na picha chache zenye ubora. Naomba tuzungumze.

#10 BodaKondele

Fulana 😭😭😭

#11 NyarDunga

@Afisa_Miradi asante kwa nia njema, nasema bila kejeli. Lakini soma tena #4 na #8. Ukishaweka sahihi na picha, yule kijana wa kuota maji hatakuja, au atakuja aseme yale unayotaka dodoso lako liseme. Chai tunachanga wenyewe na inatosha.

Kama pesa zipo kweli, mlipieni nauli mshauri nasaha mmoja awe anakutana na wale wanaoshika kikao, mara moja kwa mwezi, yale aliyoyasema Muuguzi. Yeye mnaweza kumpiga picha anavyoshuka kwenye matatu.

#12 Muuguzi_wa_Akili

Naunga mkono #11. Na hizo ripoti zinaweza kuandikwa bila majina: vikao vingapi, watu takriban wangapi, wangapi wamepelekwa hospitali. Basi. Mfadhili anayehitaji zaidi ya hapo anataka kitu kingine.

#13 Shinyalu_Dada

Niko Kakamega, karibu na msitu. Naongeza moja ambalo wanaume hapo juu hawajaligusa. Wasichana wa harakati hatuchoshwi na mvua tu. Ukipaza sauti kuhusu wanaokata miti usiku, kesho picha yako iko kwenye kundi la WhatsApp la kijiji na maneno ya kukuita mhuni. Ukienda mafunzo ya siku tatu mjini, kuna mkubwa anayegonga mlango wa chumba. Hayo sitayasema kwenye duara lenye wavulana, hata wawe wazuri vipi. Sisi tumetenga: tunaanza pamoja, kisha nusu saa ya mwisho wasichana wanakaa kivyao. Wavulana walinuna mwanzoni, halafu wakagundua kwamba na wao wakiwa peke yao wana ya kusema.

Kuhusu maombi: kwetu wengi wanataka kufungua kwa sala. Tunaruhusu sala fupi. Haturuhusu mtu kuambiwa imani yake ni haba ndiyo maana halali.

#14 BodaKondele

Sasa niseme bila utani. Mimi si mwanaharakati, sijawahi kupanda mti isipokuwa ule wa shule. Lakini 2024 Nyando ilipovunja nilibeba watu kwa pikipiki hadi petroli ikaisha, wengine sikuwalipisha. Kuna mama nilimbeba na mtoto mgongoni, njiani nikajua yule mtoto ameshakwenda. Mama hajui. Niliendesha tu. Stejini nikiwaambia wenzangu wananiambia kunywa moja usahau.

Je, mtu kama mimi anaruhusiwa hiyo Jumamosi au ni ya wenye vitambulisho vya mazingira?

#15 NyarDunga

Omera, karibu. Hakuna kitambulisho. Nakutumia mahali faragha, na ukifika si lazima useme neno. Pole sana.

#16 Muuguzi_wa_Akili

@BodaKondele nami nimekuandikia. Soma ukipata nafasi.

#17 Mwalimu_Mstaafu_Ahero

Niliulizwa swali nikakaa nalo. Jioni tulikaa na wazee. Nyumbani kulikuwa na duol, kibanda cha mwenye boma, moto unawaka, wanaume na wavulana wanakula hapo. Wasichana walikuwa na siwindhe kwa bibi. Hata kwenye darasa la kuhamia, mtu alitafuta kona akawasha moto na watu wakakaa vilevile. Kwa hivyo kukaa kulikuwepo, ninakubali. Hatukukuita jina.

Lakini nisije nikawadanganya kwamba wote walipona hapo. Mjomba wangu mmoja ng'ombe wake walikwenda na maji wote. Alikaa duol kila jioni na hakusema kitu. Aliyemsemea ni chang'aa, na ilimsemea mpaka kaburini. Hakuna aliyemuuliza yale maswali ya yule muuguzi.

Bado nawaambia msiifanye kila huzuni kuwa ugonjwa. Na mkitaka kufanya siku moja Ahero, nina uwanja na mwembe, nitakaa mbali nisiwasikie.

#18 MwanaMwariki

Mzee usikae mbali. Kaa.

#19 Omwana_wa_Nzoia

Nimerudi na bando jipya. Jamani la simu halijajibiwa.

#20 NyarDunga

Pole, uzi umekimbia. La simu tumelijaribu na wenzetu waliohamia Siaya, na hivi ndivyo lilivyokaa.

Watu wachache, wanne mwisho. Wakizidi, mtandao ukikatika hakuna anayejua nani amenyamaza kwa kulia na nani amenyamaza kwa sababu ya mnara. Ni kupiga moja kwa moja; ujumbe wa sauti tumeukataa kabisa, kwa sababu unatumwa kwingine kwa kidole kimoja na maneno yako unayakuta kwa binamu yako Nairobi. Usiku baada ya saa tatu, watu wakishakula na watoto wakilala. Kila mtu kabla ya kuanza anataja yuko na nani karibu. Aliye kambini kwenye darasa lenye familia sita hasukumwi kusema, anasikiliza tu, au anajibu ndiyo na hapana. Na anayeshika simu siku hiyo anawapigia wote kesho yake asubuhi, dakika moja moja. Hiyo ya asubuhi watu wanaipenda kuliko kikao chenyewe, sijui kwa nini. Muda wa maongezi tunachangiana. Wewe wa Bunyala usinunue, sisi tutapiga.

Wawili ndio wanaoshika kikao, na wanapokezana na wengine kila mwezi. Aliyeshika mwezi huu, mwezi ujao anakaa kama mtu wa kawaida na anaruhusiwa kuwa hoi.

Na kuhusu rafiki yako wa dakika tatu: mwambie akiitwa tena anaweza kukataa, au apeleke jambo jingine. Aende akazungumze kuhusu kingo za mto, zinajengwa kwa nini, nani alilipwa, zilipasuka wapi. Nyanya yake ni wake. Kama anataka kutusimulia habari zake siku moja bila kengele, Alhamisi tuna nafasi moja kwenye simu.

#21 Omwana_wa_Nzoia

Nimemwonyesha. Ameuliza kama ni lazima azungumze Kiswahili sanifu.

#22 Shinyalu_Dada

😂😂 Azungumze hata Kinyala, tutamtafsiria.